Arobatashara: siku tisa Misri na chama chetu

Wiki tatu zimepita tangu turudi Nairobi, na daftari langu bado linadondosha mchanga nikilifungua. Haya nayaandika kutoka kwenye daftari hilo, picha za simu na bahasha ya kaki iliyojaa risiti. Mimi ndiye mweka hazina wa chama chetu cha Buruburu, na wenzangu huniita Hazina tu, hata mbele ya wageni.

Tulikuwa kumi na wanne. Kwa miezi 24 kila mmoja aliweka shilingi 10,000, ikafika 240,000. Wakala alitutoza 218,000 kila mtu: ndege, viza, treni, meli ya mtoni, malazi, tiketi za kuingilia na mwongozaji. Zile 22,000 zilizobaki za kila mmoja zikawa mfuko wa bakshishi na dharura. Mfuko huo niliubeba mimi, kiunoni, usiku na mchana.

Wa kuwajua: Mwenyekiti; mama yake, aitwaye Shosh, mwenye miaka 71 na magoti mabovu; Mwalimu, mstaafu wa historia, mzaliwa wa Lamu; Jaduong' kutoka Siaya; na Mama Makina, Mnubi wa Kibera. Wengine watajitokeza wakipotea.

Jumamosi 12 Aprili 2025: Nairobi hadi Giza

Ndege iliondoka saa kumi alfajiri, tukatua Kairo saa mbili asubuhi kwa saa zao, ambazo mwezi huo zilikuwa nyuma yetu kwa saa moja. Kitu cha kwanza tulichodaiwa kilikuwa cheti cha homa ya manjano. Mwenzetu mmoja alikuwa amekifungia kwenye begi kubwa, akasindikizwa na askari hadi kwenye mkanda wa mizigo, nasi tukakaa sakafuni dakika arobaini. Msafiri wa baadaye: cheti hicho kaa nacho mkononi pamoja na pasipoti, na uchanjwe angalau siku kumi kabla ya safari, maana kabla ya hapo hakihesabiki.

Mwongozaji wetu, kijana mwembamba aliyesomea historia ya Misri ya kale, alisimama mlangoni mwa basi akatuhesabu kwa kidole. Wahid, itnen, talata. Tulikuwa tunasinzia. Alipofika sitta, sab'a, vichwa vikaanza kuinuka. Akamaliza kwa Shosh: "Arba'tashar!"

Mwalimu akapiga paja. "Arobatashara! Babu yangu Lamu alihesabu hivyo hivyo!" Ikabidi tuwaeleze wadogo kwamba kabla ya kumi na moja na kumi na mbili kushika, wazee wa pwani walisema edashara, thenashara, hadi tisatashara. Tangu hapo kila tulipopanda basi, tulimjibu mwongozaji kwa pamoja kama darasa la kwanza.

Giza, kwenye piramidi, tulifika jua likiwa utosini. Piramidi ya Khufu ilikuwa na urefu wa mita 146 ilipojengwa. Leo ni kama 138, na yale mawe meupe laini ya nje mengi yaliondolewa yakaenda kujenga Kairo. Picha hudanganya mtu akadhani ni ngazi. Ukisimama chini, jiwe moja linakufika kifuani. Shosh aliweka kiganja juu ya jiwe la chini kabisa, akakiondoa upesi. "Hili limetoka jikoni," akasema.

Kisha ngamia. Mwenyekiti alikubaliana na mwenyewe pauni 300. Ngamia huanza kuinua miguu ya nyuma, kwa hiyo Mwenyekiti alirushwa mbele, akapiga kelele, akapigwa picha, akafurahi. Dakika kumi baadaye mwenye ngamia akaeleza kwa upole kwamba 300 ilikuwa ya kupanda. Kushuka ni 400. Ngamia hapigi magoti bila amri ya mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameketi kivulini anavuta sigara. Mwenyekiti alibishana kutoka kule juu mpaka kilemba kikalegea. Mwishowe nikafungua mfuko. Daftarini imeandikwa: *Kushuka ngamia, pauni 400.* Wakati huo pauni moja ilikuwa kama shilingi mbili na nusu, piga hesabu mwenyewe. Patana kupanda na kushuka kwa pamoja, na pesa zitoke miguu ikiwa imekanyaga mchanga.

Langoni palikuwa na bei mbili: ya Wamisri na Waarabu, na ya wageni wengine, ambayo ni mara kadhaa zaidi. Mmoja wetu akawaka: sisi si Waafrika wenzao? Nikamuuliza mzungu analipa ngapi kuingia Maasai Mara. Akanyamaza hadi hotelini. Jua pia kwamba malango mengi ya makaburi na mahekalu hayapokei noti, ni kadi tu. Wakala wetu alikuwa ameshalipa, lakini nyuma yetu familia moja ilirudishwa ikiwa na pesa mkononi.

Jumapili 13 Aprili: Kairo

Jumapili ya Matawi. Mwaka huo Wakopti, Wakristo wa Misri, waliisherehekea siku moja na sisi, na vichochoro vya Kairo ya Kale vilijaa watu wakisuka makuti mabichi: misalaba, mataji, pete, hata punda mdogo. Msichana wa miaka tisa hivi alisuka msalaba mbele ya Shosh kwa muda wa kusema Baba Yetu, akampa. Shosh akatoa pauni 20. Mama wa mtoto akaurudisha mkono wake taratibu, akakunja vidole vyake juu ya noti. Msalaba huo sasa umekauka, uko ukutani Buruburu.

Alasiri tulikuwa makumbusho ya Tahrir, jengo la mwaka 1902. Barakoa ya Tutankhamun, kama kilo kumi za dhahabu, tuliikuta bado hapo. Picha hazikuruhusiwa chumbani humo, na labda ndiyo maana nilikiangalia kitu kwa macho yangu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Chakula cha jioni kilikuwa koshari, pauni 60 bakuli: wali, makaroni, kamande, mchuzi wa nyanya, vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kama chipsi, na chupa ya siki ya vitunguu saumu ya kujimiminia. Unashiba hadi kesho. Jaduong' alitafuta samaki chini ya wali, hakumpata, akala hata hivyo.

Treni ya usiku kwenda Aswan tuiache. Kiyoyozi kilikuwa cha kugandisha nyama, kuku alikuwa mkavu, na tulichelewa saa mbili. Beba sweta, ndiyo, jangwani.

Jumatatu 14 Aprili: Aswan

Digrii 39. Mwongozaji alitupeleka juu ya Bwawa Kuu, lililojengwa kati ya mwaka 1960 na 1970: urefu wake karibu kilomita nne, kimo mita 111, na nyuma yake ziwa la kama kilomita 500 linaloingia hadi Sudan. Jaduong' alisimama ukingoni, kofia mkononi.

"Haya maji yamepita kwetu," akasema. "Mto Yala, Nzoia, yote inaingia Ziwa Victoria, ziwa linatokea Jinja, ndiyo hii."

Mwongozaji, kwa adabu, akamwambia kwamba sehemu kubwa ya maji yanayofika Misri hutoka Ethiopia, kwa Naili ya Buluu na Atbara.

"Hata kama yangu ni kikombe kimoja," Jaduong' akajibu, "kimo humo ndani."

Mwalimu naye akachomoa mkataba wa mwaka 1929, ambao Waingereza waliuweka na Misri kwa niaba ya makoloni yao, kwamba tusiguse maji bila Misri kukubali. Wakaenda hivyo nusu saa, juani, hadi dereva akapiga honi. Kilichonifurahisha ni kwamba mwongozaji hakukasirika. Jioni alimtafuta Jaduong' aendelee.

Hekalu la Philae liko kisiwani, nalo si mahali lilipozaliwa. Lilifumuliwa jiwe kwa jiwe likahamishiwa kisiwa cha Agilkia ili lisizame. Boti ya kwenda huko panga bei ya kwenda, kusubiri na kurudi. Somo la ngamia.

Jioni sokoni Mama Makina ndiye aliyekuwa nyota. Kinubi cha Kibera ni Kiarabu kilichozaliwa kambini, miongoni mwa askari kutoka Sudan na familia zao, na akina Mama Makina ni vizazi vyao. Aliuliza bei ya ubuyu mwekundu, kumbe si ubuyu, ni karkade, maua makavu ya chai. Muuza duka, mzee Mnubi wa Aswan, akamsikiliza kwa jicho moja lililofumba kama mtu anayesikiliza redio ya mbali. Akacheka. Akamwita mkewe aje asikie. Nusu walielewana, nusu wakakisia. Lugha ya nyumbani ya mzee huyo haikuwa hata Kiarabu, lakini alileta viti vitatu na glasi za karkade baridi, na alipogundua magoti ya Shosh, kiti cha nne cha kuwekea miguu. Alisema wazazi wake walihamishwa kijijini kwao maji ya bwawa yalipopanda. Mama Makina akamwambia na sisi Kibera tumehangaikia hati ya ardhi miaka mingi. Hapo walielewana kabisa. Hakuchukua pesa ya vinywaji. Tulinunua karkade kilo tatu, kwa aibu.

Jumanne 15 Aprili: Abu Simbel

Kosa hili ni langu. Abu Simbel, penye mahekalu mawili ya mwambani, iko karibu kilomita 280 kusini mwa Aswan, jangwa tupu, na magari huondoka gizani kukimbia joto. Mwongozaji aliniambia kwa Kiingereza tutaondoka "saa nne", kwa hesabu yao ya kuanzia usiku wa manane. Nami, nikiwa na usingizi, nikaandika kwenye kundi la WhatsApp: *Kesho saa 4 kamili mlangoni.* Unaweza kukisia. Saa kumi alfajiri tulikuwa saba. Saba wengine walikuwa wamepanga kuamka kwa starehe, kunywa chai na kushuka saa nne asubuhi. Shosh alifunguliwa mlango akiwa na mafuta ya nywele kichwani. Tuliondoka saa kumi na moja na dakika ishirini. Ukiwa na Waswahili, andika *alfajiri*, tena kwa herufi kubwa.

Farao Ramesses wa Pili amekaa pale mara nne, kila sanamu kama mita 20. Kati ya mwaka 1964 na 1968, ili lisizamishwe na maji ya bwawa, hekalu zima lilikatwa vipande zaidi ya elfu moja, likapandishwa mita 65 juu na kurudishwa nyuma kama mita 200, likaunganishwa tena. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua hupenya hadi chumba cha ndani kabisa. Shosh alitaka kujua jambo moja tu: huyu ndiye Farao wa Musa? Mwongozaji akasema wengi humdhania yeye, ila jiwe halisemi. "Uso wake unasema," Shosh akajibu, akamgeuzia mgongo, akaenda kukaa kwenye hekalu dogo la Nefertari, mke wa Ramesses.

Kwa kuchelewa kwetu tulitoka saa tano. Upande wa magharibi mbingu zilikuwa rangi ya manjano, kama manyoya ya simba. Mwongozaji akatazama, akasema neno moja: "Khamsin."

"Hamsini ya nini?" nikauliza, mkono tayari kwenye mfuko.

Ni upepo. Huvuma wakati wa masika yao, na wanasema msimu wake ni siku hamsini. Baada ya dakika ishirini barabara haikuonekana. Dereva aliendesha kwa mwendo wa punda hadi kibanda cha kupumzikia, akaegesha kwa kuupa upepo mgongo, tukakimbia ndani tukiwa tumejifunika leso. Mchanga ule haupigi tu, unaingia: meno yanasaga, kope zinakwaruza, na simu yangu hadi leo haichaji vizuri. Tulikaa humo kwa saa mbili na robo. Mwenye kibanda aliziba upenyo wa mlango kwa magunia, akawasha jiko la gesi, akatuchemshia chai nyeusi kama lami kwenye glasi ndogo, sukari vijiko vitatu bila kuuliza. Mwishoni nilihesabu glasi 31. Yeye akadai 20. Nilimwonyesha kwa vidole kwamba amekosea. Akaonyesha mlango, upepo, mbingu, akafunga mkono wangu.

Meli ilikuwa imeshaondoka Aswan. Dereva alitukimbiza kwa barabara hadi Kom Ombo, tukaikuta imetia nanga usiku, hekalu likiwa limewashwa taa juu ya ukingo wa mto. Hekalu hilo ni la miungu wawili, nusu ya Sobek mwenye kichwa cha mamba na nusu ya Horus, milango miwili, kila kitu viwili viwili. Kila mtu alikimbilia mamba waliokaushwa. Mimi nilivutiwa na shimo la mawe lenye ngazi, kipimo cha mafuriko: maji yakipanda vizuri mavuno yatakuwa mengi, na kodi hupangwa juu. Mweka hazina mwenzangu alisimama pale miaka elfu mbili iliyopita na daftari lake.

Jumatano 16 Aprili: Edfu na Esna

Edfu asubuhi kwa magari ya farasi, hekalu la Horus, kubwa, na zima kuliko yote tuliyoona. Farasi walikuwa wamekonda na sikufurahia. Ukiweza tafuta teksi.

Esna ndiyo siku yenyewe. Pale meli hupanga foleni kushushwa kwenye lango la maji, na wakati huo wauza kanzu huja kwa mitumbwi, wakajifunga kamba ubavuni mwa meli kubwa. Sisi tulikuwa ghorofa ya juu tunakunywa chai. Ghafla mfuko wa nailoni ukaruka kutoka mtoni, ukapita juu ya reli, ukatua kwenye kikombe cha Shosh. Ndani kanzu ya buluu yenye nakshi.

Muuzaji alisimama mtumbwini miguu imetanuka, kichwa nyuma. Alianza kwa Kiingereza, kisha akamwambia mwenzake bei halisi kwa Kiarabu: "Tultumiyya wi-khamsin." Mia tatu na hamsini.

Mwalimu akainamia reli. "Ghali!"

Kule chini kimya. *Ghali* ni neno lao pia, kwa maana ile ile.

"Miyya!" Mwalimu akaongeza.

"La, la, la! Miten!"

"Miteni!" Mwalimu akatugeukia, macho yamelowa. "Mnasikia? Mia mbili ilikuwa miteni. Kiswahili cha wazee." Akarudi kwenye reli. "Mia na sabini!"

"Miyya wi-sab'in?" Muuzaji akamtazama mwenzake, mwenzake akamtazama Mwalimu. Moja hadi tano na nane zetu si zao, kwa hiyo Mwalimu alitembea kwenye makumi peke yake, ishirini hadi tisini, ambako ndimi zinakutana, kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Wakamalizana mia na tisini. Tulikuwa na noti ya 200. Tukaiweka kwenye mfuko ule ule pamoja na ndimu ya uzito, tukarusha. Meli ilikuwa imeanza kusogea. Sikutarajia chenji. Mfuko ukaruka tena juu: ndani ndimu yetu, na noti ya kumi imeviringishwa kwa uzi.

Tulinunua kanzu kumi na moja jioni ile. Shosh alinunua mbili na hakupewa chai nyingine.

Alhamisi 17 Aprili: ng'ambo ya Luxor

Bonde la Wafalme lina makaburi zaidi ya sitini; tiketi ya kawaida hukupa matatu, na la Tutankhamun, alilolipata Howard Carter mwaka 1922, hulipiwa mbali. Ni dogo. Kwa pesa hizo mimi ningechagua jingine lenye rangi nyingi. Nenda linapofunguliwa tu. Saa nne asubuhi, namaanisha saa nne yetu, ndani kulikuwa kama basi la Ijumaa jioni.

Katika hekalu la Hatshepsut wengi hupiga picha ngazi na kuondoka. Nenda mkono wa kushoto, ghorofa ya kati. Malkia huyo alituma merikebu nchi ya Punt, na ukutani zimechongwa: nyumba za huko zimesimama juu ya nguzo, ngazi imeegemezwa mlangoni, na watu wamebeba miti mizima ya manemane, mizizi ndani ya vikapu, vikapu kwenye miti ya mabegani. Wataalamu wengi huiweka Punt pande za Pembe ya Afrika na Bahari Nyekundu. Mwalimu alisimama mbele ya vile vikapu hadi mlinzi akaanza kumwonea shaka. "Ubani," akawa anasema peke yake. "Walifuata ubani."

Ijumaa 18 Aprili: Karnak

Ukumbi wa Karnak una nguzo 134, kumi na mbili za kati zikiwa na kimo cha mita 21 hivi. Ukipoteza mtu humo, umempoteza. Langoni mwongozaji alihesabu, akasita, akahesabu tena. "Talattashar."

Thelathatashara. Hakuna aliyejibu.

Jaduong' hakuwepo. Simu yake ilikuwa kwenye begi la mkewe, inalia pale pale tulipo. Tulitawanyika, Mama Makina akauliza kila mlinzi kwa Kinubi chake, Mwenyekiti akalaumu kila mtu. Baada ya dakika hamsini tulimkuta nyuma ya ziwa takatifu, amekaa juu ya ndoo na mlinzi mzee, wanakula mkate na jibini la chumvi, wakichora mto mchangani kwa fimbo. Mlinzi alikuwa amechora hadi Khartoum. Jaduong' alikuwa anamchorea sehemu iliyobaki.

Jumamosi 19 na Jumapili 20 Aprili: kurudi

Kairo tena, soko la Khan el-Khalili, joto, viungo, miguu imevimba. Ndege ya usiku. Tulitua JKIA alfajiri ya Pasaka, na Shosh akataka apelekwe kanisani moja kwa moja na kanzu yake ya buluu.

Jumapili iliyofuata nilisoma hesabu mbele ya chama. Mfuko ulikuwa 308,000, zimebaki 41,350. Bakshishi peke yake, yenye risiti na isiyo na risiti, 96,200. Kila mstari umekubaliwa na kutiwa sahihi isipokuwa mmoja. Mwenyekiti anasema *Kushuka ngamia* si matumizi ya chama kwa sababu alishuka peke yake, mimi nasema alipanda akiwa mwenyekiti, na suala limeahirishwa hadi mkutano wa Juni.